Maumivu ya Kiuno Yakiisha, Msuli Bado

Mgonjwa wa kiuno akiacha kusikia maumivu huhesabiwa amepona. Vipimo vya altrasaundi vilivyofanywa Australia katika miaka ya 1990 viliitia shaka hesabu hiyo. Julie Hides na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 39 walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza. Wengi walipata nafuu ndani ya wiki nne. Hata hivyo, kwa wale ambao hawakupewa mazoezi maalumu, msuli wa maltifidasi, ulioshikamana na pingili za uti wa mgongo, ulibaki umesinyaa upande ule uliouma. Katika mwaka uliofuata maumivu yaliwarudia asilimia 84 ya kundi hilo, dhidi ya asilimia 30 ya waliofanya mazoezi. Wagonjwa 39 ni wachache, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Maltifidasi hushirikiana na msuli mlalo wa tumbo, unaozunguka kiwiliwili mithili ya mshipi, na kiwambo juu, na misuli ya sakafu ya nyonga chini. Kwa mtu mwenye afya, msuli mlalo hujikaza kabla mkono haujainuka; kwa mwenye maumivu ya kiuno ya mara kwa mara, huchelewa. Kwa hiyo kinachofundishwa kwanza ni wakati wa kujikaza, wala si nguvu.

Mgonjwa hulala chali, magoti ameyakunja, akavuta ndani taratibu sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu, kana kwamba anaikwepa kanga iliyombana. Hushikilia sekunde 10, kisha hurudia mara 10. Pumzi isizuiwe, hapo ndipo wengi hukosea. Akizoea, hupiga magoti na kuweka viganja chini, akanyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake, bila kiuno kubonyea. Baadaye hujikaza vivyo hivyo anapoinua ndoo au kumbeba mtoto.

Mhudumu asiahidi muujiza. Kwa maumivu sugu, tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa baada ya muda mazoezi haya hayayapiti sana mazoezi mengine. Bora ni lile ambalo mgonjwa ataendelea nalo.

Mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa kudhibiti mkojo au haja kubwa, au ambaye miguu inaishiwa nguvu, asianzishiwe mazoezi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa za jioni na anayekonda achunguzwe kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo.