Je, Wajua? Herufi Moja, Wasomaji Wawili

Kama uko Kanyakine, Meru, ukingoja matatu ya kwenda Nkubu, tafuta kipande cha karatasi. Utakihitaji.

Je, wajua kwamba usomapo herufi za Kilatini, macho hutegemea zaidi nusu yake ya juu? Louis Émile Javal, daktari wa macho Mfaransa, alilieleza jambo hili katika karne ya 19. Funika nusu ya chini ya mstari huu: bado unasomeka. Sasa funika nusu ya juu: umeanza kubahatisha.

Je, wajua kwamba Kiarabu nacho husomeka kwa nusu ya juu, lakini Kiebrania husomeka kwa nusu ya chini? Liron Lavi Turkenich, msanifu wa herufi kutoka Haifa, Israeli, alizishona nusu hizo mbili. Juu Kiarabu, chini Kiebrania, na kila mtu akasoma lugha yake katika neno lilelile.

Je, wajua kwamba mwandiko huo huitwa Aravrit, na una herufi 638? Hesabu yake ni nyepesi: herufi 29 za Kiarabu, kila moja ikioanishwa na herufi 22 za Kiebrania.

Je, wajua kwamba miandiko hiyo miwili ni ndugu? Yote imetokana na Kiaramu, nacho Kiaramu kikatokana na Kifoinike. Ndiyo maana huyu huanza na *alif*, yule na *alef*. Herufi ya pili ya Kiebrania, *bet*, ina jina la nyumba. Kwa Kiarabu nyumba ni *bayt*, neno lililotupa ubeti wa shairi.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1920 Msomali Osman Yusuf Kenadid alibuni mwandiko wa Osmanya? Herufi zake zilifuata mpangilio wa Kiarabu, ila ziliandikwa kutoka kushoto kwenda kulia kama Kilatini.

Je, wajua kwamba Waswahili walikuwa mafundi wa kazi hii ya kurekebisha mwandiko zamani? Kiarabu kina irabu fupi tatu, Kiswahili kina irabu tano, tena kina p, v na ch. Washairi na masheikh wa pwani wakaziongezea herufi za Kiarabu nukta na alama mpaka lugha ikatoshea. Mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la *Sahifa* kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Je, wajua kwamba wazee wa Meru husimulia kuwa watu wao walitoka Mbwaa, ng'ambo ya maji? Baadhi ya wanahistoria huielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, mji wa miswada ya herufi hizohizo za Kiarabu.

Je, wajua kwamba Kimeru nacho kilidai haki yake? Kina irabu saba, na Kilatini kilileta herufi tano tu za irabu. Ndipo i na u zikavishwa alama kichwani. Ukiiacha alama, umeifuta sauti, na huenda ukageuza neno.

Basi andika jina la Kimeru pamoja na alama zake, kisha ulifunike nusu ya chini kwa karatasi yako. Alama zimebaki. Zimekaa juu, pale pale macho yanapotegemea.