Mashini Yetu ya Kusaga Ilipopata Homa



Kila mama anajua kumpima mtoto homa. Anaweka mkono kwenye paji la uso, kisha tumboni, anauliza imeanza lini na mtoto amekula nini. Juma hili tunawasimulia jinsi tulivyofanya vile vile kwa mashini ya kusaga ya kikundi chetu, ile ya zamani tuliyoinunua kwa pesa za likelemba.

Ilianza siku ya pili. Unga ulitoka ukinuka moshi. Kijana anayeiendesha alisema chuma kirefu cha katikati, kile kinachozungusha nyundo, kinapata moto hata grisi inayeyuka na kudondoka. Tukafunga mlango. Kesho yake darasani wasichana wanne hawakuonekana. Walikuwa wametumwa na mihogo mpaka ng'ambo ya mto, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Sisi walimu tunajua mambo kama hayo yanavyoendelea: leo ni siku moja, kesho ni juma, mwishowe msichana ameacha masomo.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika tano, akasema tununue chuma kipya na rulema mbili. Bei yake ingemaliza sanduku letu lote. Tukamwambia, "Aksanti fundi, utupe siku mbili." Tukamwita fundi mzee. Yeye alianza kwa maswali.

Ni upande gani unapata moto? Chuma kile kinashikwa na rulema mbili, yaani pete zenye vipira vya chuma ndani, moja kila upande. Tukasaga nusu saa, tukazima mota, tukangoja kila kitu kisimame kabisa, ndipo tukaweka mkono. Upande wa mbali na puli mkono ulikaa vizuri. Upande wa puli haukuvumilia hata hesabu ya tatu. Rulema nzima huwa na uvuguvugu, na huo si ugonjwa. Lakini mkono ukikataa kukaa, moto umefika kama digrii 60 au zaidi. Zikichemka zote mbili, uliza grisi na mwendo wa mashini. Ikichemka ya upande wa puli peke yake, tazama mkanda kwanza.

Mkanda umekazwaje? Wetu ulikuwa kama ngozi ya ngoma. Ulikuwa umechakaa na kuteleza, basi kijana akaukaza na kuukaza, nao ukavuta rulema upande mmoja mchana kutwa. Kama puli zimeachana metre moja, ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba unapaswa kushuka kama sentimita moja na nusu. Tukanyoosha kamba mbele ya puli zote mbili: hazikuwa kwenye mstari mmoja. Mota ilikuwa imesogea.

Nani anatia grisi? Hapo tukatazamana. Kila mama wa zamu alikuwa anaongeza asubuhi, na kijana naye anaongeza. Sote tulidhani tunasaidia. Kumbe rulema iliyojazwa pomoni haipumui: grisi inakorogwa ndani, na kule kukorogwa kunaleta moto. Nafasi ya ndani ijazwe theluthi moja mpaka nusu tu. Tena yetu ilikuwa imechanganyika na vumbi la unga.

Inasema nini? Fundi alitoa mkanda, akazungusha chuma kwa mkono, nasi tukasikiliza. Upande mmoja kimya. Upande wa puli ulikwaruza kama mchanga. Chuma chenyewe hakikupinda wala kulika.

Basi tulinunua rulema moja na mkanda mmoja. Tulipeleka ile ya zamani dukani, kwa sababu namba yake imechorwa pembeni. Tukasafisha, tukanyoosha mota. Fundi alituonya pia juu ya nyundo: usibadilishe moja peke yake, badilisha pamoja na ya upande wa pili yenye uzito ule ule, la sivyo mashini itatetemeka na kuua rulema mpya.

Siku ya kwanza ilipata moto kidogo, ikapoa, ikatulia. Alitwambia mapema kwamba grisi mpya hufanya hivyo. Kama moto ungezidi kupanda, tungezima.

Sasa pompi ya grisi inashikwa na mama mmoja, naye anaandika tarehe katika daftari. Kila jioni, mashini ikiisha kusimama, mkono unapima pande zote mbili. Hakuna anayegusa kitu kinachozunguka. Vikwembe vifungwe vizuri, na mtoto wa mgongoni asifike karibu na mkanda.

Wasichana watatu wamerudi darasani. Wa nne bado. Tumekwisha kumtembelea mama yake mara mbili, na juma hili tutakwenda tena. Vikundi vyenye mashini, tunawaomba: msingoje harufu ya moshi. Pimeni leo jioni.