Vasektomi: maneno kwa simu, vidole kliniki

Saa ya mapumziko ya mchana, mwanamume ameketi ndani ya gari lake, simu ameiegemeza kwenye usukani. Kwenye kioo daktari anamhoji: una watoto wangapi? Mwenzako anasemaje? Umewahi kupasuliwa ngiri? Unameza dawa za kuzuia damu isigande? Dakika chache baadaye amerudi kazini, na hakuna aliyejua alikuwa akipanga kufunga uzazi.

Nchini Marekani hali hii imezoeleka tangu korona ilipofunga milango ya kliniki mwaka 2020. Ruhusa yenyewe ilikuwapo zamani. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo wa nchi hiyo, uliotolewa 2012, unapendelea mazungumzo ya ana kwa ana, lakini yasipowezekana unakubali simu au mtandao.

Na mengi ya kuelezwa ni maneno matupu. Mirija miwili inayopitisha mbegu hukatwa na kuzibwa, basi. Huku si kuhasiwa: korodani zinabaki, homoni zinaendelea kutengenezwa, shahawa zinatoka kama kawaida, ila hazina mbegu. Daktari mkweli hataficha upande wa pili. Mwanamume mmoja au wawili kati ya 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu, na hata baada ya kipimo kuonyesha mbegu zimekwisha, mimba hutokea kwa takriban mmoja kati ya 2,000. Kufungua tena ni ghali na hakuna uhakika, kwa hiyo mtu aamue kana kwamba ni jambo la kudumu.

Simu inashindwa pale vidole vinapohitajika. Mrija wa mbegu ni mgumu kama tambi mbichi, na daktari huutafuta kwa kupapasa ngozi ya korodani. Korodani isiyoshuka au kovu la zamani havionekani kwenye video. Uchunguzi huo husubiri siku ya upasuaji, na aliyejiandaa anaweza kuahirishiwa akiwa tayari kitandani.

Anayelipiwa na Medicaid, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, ana jambo moja zaidi: awe na miaka 21, na fomu ya ridhaa isainiwe angalau siku 30 kabla ya upasuaji. Aiulizie siku hiyohiyo ya video, vinginevyo mwezi huo utachelewa kuanza kuhesabiwa.

Baada ya upasuaji, shahawa hupimwa kati ya wiki ya 8 na ya 16. Mpaka maabara ithibitishe, kondomu iendelee kutumika.