Swali Ndani ya Swali: Jinsi Kompyuta Inavyopima Maeneobunge ya Meru na Embu

KIFUNGU cha 89 cha Katiba ya Kenya kinaagiza kwamba idadi ya wakazi wa eneobunge isizidi wala kupungua kiwango cha wastani kwa zaidi ya asilimia 30, isipokuwa katika majiji na sehemu zenye watu wachache, ambako ruhusa hufika asilimia 40. Kiwango hicho hupatikana kwa kugawanya wakazi wote wa nchi kwa idadi ya maeneobunge. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukiwagawanya kwa maeneobunge 290, unapata takriban watu 164,015.

Karani anayetaka kujua ni maeneo gani yaliyo chini ya mpaka huo huiuliza hifadhidata maswali mawili kwa pamoja. Swali la ndani, linalofungwa kwa mabano, hutafuta wastani. La nje huchukua jibu hilo na kulilinganisha na kila eneo kwa alama ya "ndogo kuliko". Asilimia 70 ya wastani ni watu 114,810. Kaunti ndogo ya Mbeere Kaskazini, huko Embu, iliyohesabiwa watu 108,881, inaangukia chini ya mstari; Mbeere Kusini, yenye watu 163,476, inapita.

Mbona basi karani asiandike 114,810 na kumaliza kazi? Kwa kuwa sensa ijayo itaibatilisha nambari hiyo, ilhali swali la ndani litajihesabia upya.

Penye hatari ni pale swali la ndani linapochota takwimu. Tuseme karani ameliacha lipige wastani wa kaunti ndogo tano za Embu pekee. Mpaka unashuka hadi watu 85,201. Mbeere Kaskazini inaponyoka, na Embu Kaskazini, yenye watu 79,556, ndiyo pekee inayobaki imenaswa. Akijumuisha pia Msitu wa Mlima Kenya, ambao katika orodha ya sensa ya Embu una watu 22, mpaka unateremka hadi takriban 71,003, na msitu tu ndio unaobaki chini yake! Kompyuta haitalalamika hata mara moja, maana kwayo maswali yote matatu ni sahihi.

Hulalamika pale jibu la ndani linapokuwa zaidi ya moja. Meru ina maeneobunge tisa. Ukiuliza ni maeneo gani ya Embu yenye watu wengi "kuliko yale ya Meru", unapewa nambari tisa, na alama ya kulinganisha inahitaji moja. Hapo hutumiwa neno ANY au ALL. La kwanza huridhika eneo likishinda hata lile dogo kabisa la Meru. La pili hudai lishinde yote, hata lile kubwa zaidi.

Neno ALL lina mitego miwili. Nambari moja ya Meru ikiwa haijajazwa, hakuna eneo litakalopita, kwa sababu kompyuta haiwezi kuthibitisha ushindi dhidi ya kisichojulikana. Na karani akikosea tahajia, akaandika "Mero", orodha ya ndani huwa tupu. Basi maeneo yote ya Embu hupita, kwa kuwa hakuna la kuyashinda.