Kaisari wa kwenye sarafu

Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita na kuishiwa fedha za kulipana, walichukua dhahabu ya Sekenke, huku Iramba, wakagonga sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja waliweka tembo, upande wa pili tai wa mfalme wao, Kaiser Wilhelm II. Neno Kaiser ni lilelile Kaisari la kwenye Biblia zetu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora, na mwaka 1918 Kaiser mwenyewe akakimbilia Uholanzi. Mchimbaji mdogo anayesaga mawe Sekenke leo hana habari naye.

Kuna sarafu nyingine tunayoijua zaidi. Dinari aliyoletewa Bwana Yesu (Marko 12:13-17), wataalamu wengi wanaamini ilikuwa na sura ya Tiberio, aliyetawala Roma mwaka 14 hadi 37. Luka 3:1 inamtaja kwa jina, nasi wahubiri tunampita haraka kuwahi kwa Yohana Mbatizaji. Bwana aliuliza sura ni ya nani, basi. Kuhusu utawala wa mtu huyo hakusema neno.

Waliomhukumu ni wengine. Tacitus na Suetonius, walioandika miaka kama 80 baada ya kifo chake, wamemchora kama mtu katili na mnafiki. Velleius, ofisa aliyepigana vita chini yake, alimsifu mno. Nani tumwamini?

Tuanze na mema, maana haki inadai hivyo. Mwaka 17 tetemeko liliangusha miji 12 ya Asia kwa usiku mmoja, ikiwamo Sardi na Filadelfia, ambayo baadaye iliandikiwa barua katika Ufunuo. Tiberio aliipa Sardi sesterti milioni 10 na kuisamehe kodi miaka 5. Fedha hiyo ni dinari milioni 2.5, na dinari moja ndiyo ujira wa kutwa wa kibarua katika Mathayo 20. Sarafu zake zilimwita mwana wa Augusto aliye mungu, lakini watu wa Hispania walipoomba kumjengea hekalu alikataa, akisema yeye ni binadamu wa kufa. Alipofariki, hazina ilikuwa imejaa.

Tumezoea kumpima kiongozi kwa barabara, zahanati na madarasa. Ni vipimo halali. Aliyepanda mlima Sekenke kwa lori anajua thamani ya barabara nzuri. Kwa vipimo hivyo Tiberio angepita vizuri tu.

Ila kulikuwa na sheria ya kumvunjia Kaisari heshima. Aliyemchongea mwenzake alipata sehemu ya mali ya aliyehukumiwa, na unaweza kufikiri soko hilo lilivyochangamka. Mwaka 25 mwandishi Cremutius Cordus alishtakiwa kwa kuwasifu, katika kitabu cha historia, watu waliokufa zamani. Akajinyima chakula hadi kufa, na vitabu vyake vikachomwa moto. Mwaka uliofuata Tiberio akaondoka Roma, akaishia kisiwani Capri, akamwachia Sejanus mambo mengi, na hakuukanyaga tena mji wake. Hofu ikaendelea kufanya kazi yeye hayupo.

Sasa soma Yohana 19:12. Pilato amekwisha kusema mara tatu kwamba haoni hatia. Kilichomvunja nguvu ni makelele kwamba akimwachilia mtu huyu, yeye si rafiki wa Kaisari. Mtumishi wa Tiberio alijua maneno hayo yana uzito gani.

Utauliza, Kaisari wa Capri alihusikaje? Hakutoa amri. Pengine hakuwahi hata kulisikia jina la Yesu. Lakini mimi namhukumu hapohapo: aliwafundisha walio chini yake kuogopa kuliko kutenda haki, na somo likafika Yerusalemu. Ofisa wa kijiji, au mzee wa usharika, anayesaini asichokiamini ili mkubwa asikasirike, naye amefundishwa na mtu.

Mwaka 36 Pilato mwenyewe alishtakiwa kwa kuwaua Wasamaria, akaagizwa kwenda kujieleza mbele ya Kaisari. Alisafiri hadi Roma, na kabla hajafika Tiberio akafa.