22/7 Si Pai

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kidato cha kwanza niliandika ubaoni kwamba pai ni namba isiyo wiano, yaani haiwezi kuandikwa kama sehemu yenye namba kamili juu na namba kamili chini. Mkono ukanyooshwa kutoka dawati la nyuma. "Mwalimu, si tulifundishwa pai ni 22/7? Sasa hiyo si sehemu?" Darasa zima likaguna kumuunga mkono.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu shule ya msingi alikuwa akikutana na maelekezo yale yale kwenye mitihani, "Tumia π = 22/7", na watunga maswali humchagulia mtoto duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7, 14 au 21 ili ile 7 ya chini ikatike bila taabu. Hakuna aliyemwambia kwamba 22/7 ni jirani wa pai, si pai mwenyewe. Nami nilimjibu vibaya. "Hayo ya shule ya msingi yaache," nikasema, nikaendelea na somo. Jibu la namna hiyo humwachia mtoto imani kwamba hesabu ni amri zinazobadilika kila anapopanda darasa. Nimefundisha mada hii mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naanza kwa kulilipa deni la swali lake.

Waulize wanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili tofauti iliyopo kati ya namba wiano na namba zisizo wiano. Wengi watakujibu kwa urefu: namba wiano zina desimali fupi, zisizo wiano zina desimali zisizoisha. Kwa kipimo hicho theluthi moja, ambayo ni 0.333 na kuendelea bila mwisho, inatupwa upande usio wake. Wengine wanaamini kwamba penye alama ya kipeuo pana namba isiyo wiano, wakasahau kuwa kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Wamekariri maana, lakini hawajawahi kuiona ikifanya kazi.

Mimi huanzia kwenye neno lenyewe. Anayesomeshwa kwa Kiingereza hukutana na jina "irrational", ambalo katika mazungumzo ya kila siku humaanisha mtu asiyetumia akili, na jina hilo huwatisha watoto bure. Waandishi wa hesabu wa Kiarabu wa zama za kati walikiita kipeuo kisicho wiano "kiziwi". Kiswahili kimetupa jina linalosema jambo lenyewe. Uwiano mtoto anaujua: ameufanyia hesabu darasani, na amemwona fundi akichanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga. Namba wiano ni namba inayotokana na uwiano wa namba kamili mbili, basi. Nusu ni 1 kwa 2, tano ni 5 kwa 1, na 0.75 ni 3 kwa 4. Namba isiyo wiano ni ile ambayo, hata uchague namba kamili gani za kuweka juu na chini, huwezi kuipata barabara. Urefu wa desimali haujatajwa popote hapo.

Baada ya neno, ninawarudisha kwenye kugawa kwa njia ndefu, kazi ambayo walidhani wameiacha shule ya msingi. Gawa 1 kwa 7 kwa mkono, ukiandika pembeni kila baki. Kwenye 10 mna 7 mara moja, inabaki 3. Kwenye 30 mna 7 mara nne, inabaki 2. Kwenye 20 mara mbili, inabaki 6. Kwenye 60 mara nane, inabaki 4. Kwenye 40 mara tano, inabaki 5. Kwenye 50 mara saba, inabaki 1. Hapo kalamu husimama, kwa sababu 1 ndiyo tuliyoanza nayo. Jibu ni 0.142857, kisha 142857 tena, na tena, bila kikomo.

Hapo nauliza: je, ilikuwa bahati kwamba tumerudi tulikotoka? Nawaachia muda, dakika tano hata kumi. Mwishowe mmoja wao huona kwamba ukigawa kwa 7, baki haliwezi kuwa 7 wala zaidi. Likitokea 0, kazi imekwisha. Lisipotokea, yapo mabaki sita tu, kuanzia 1 hadi 6. Mtu mwenye mashati sita akivaa moja kila siku, siku ya saba atarudia mojawapo, apende asipende. Na baki likijirudia, kila kinachofuata kinajirudia kwa utaratibu ule ule. Mtoto aliyefika hapa hahitaji kukariri kwamba kila namba wiano ina desimali inayoisha au inayojirudia. Ameona kwamba haiwezi kuwa vinginevyo, na ameona kwamba hoja hiyo inaishika 7, 13, 17 na namba nyingine yoyote itakayowekwa chini.

Njia ya kurudi ni nyepesi zaidi. Chukua 0.363636 isiyoisha, izidishe kwa 100 upate 36.3636, kisha toa ile ya mwanzo. Mikia inafutana, na kinachobaki ni mara 99 ya namba yetu ikiwa sawa na 36. Kwa hiyo ni 36/99, yaani 4/11. Ikishaeleweka hiyo, waambie watunge wenyewe desimali isiyoisha na isiyo na mzunguko. Kuna atakayeandika 0.101001000100001, akiongeza sifuri moja kila hatua. Ina mpangilio ambao kila mtu anauona, lakini haina kipande kinachojirudia. Kwa hiyo si wiano.

Kuhusu kalkuleta nina onyo. Kalkuleta ya kawaida ya tarakimu kumi, ukigawa 1 kwa 17, itakuonyesha 0.058823529. Hakuna kinachojirudia hapo, na mwanafunzi ataapa kwamba ni namba isiyo wiano. Mzunguko wa 1/17 una tarakimu kumi na sita, 0588235294117647, na kioo hakina nafasi ya kuuonyesha hata mara moja. Kalkuleta haiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba namba ni wiano au si wiano, kwa sababu hukata mkia, na jibu lote liko kwenye mkia. Kinachoweza kutuambia ni hoja.

Kwa hiyo tunahitaji namba moja ambayo watoto wataishika mkononi na kuimaliza kwa hoja. Pai haifai kwa kazi hiyo. Kinachofaa ni karatasi ya A4, ile ya kutolea nakala.

Mpe kila mwanafunzi karatasi mbili. Akunje kona ya moja ili upande mfupi ulale juu ya upande mrefu. Mkunjo anaoupata ni ulalo wa mraba ambao kila upande wake ni sawa na upande mfupi wa karatasi. Sasa achukue karatasi ya pili na aulaze upande wake mrefu juu ya mkunjo ule. Vinalingana, na darasa lisilojua jambo hili hulipokea kwa kelele. Sababu ni kwamba karatasi hizi zimetengenezwa ili ukiikata A4 katikati upate A5 yenye umbo lile lile. Hilo linawezekana tu kama upande mrefu ni upande mfupi mara kipeuo cha pili cha 2. Wajerumani waliufanya mpango huo kuwa kanuni ya viwanda vyao mwaka 1922, na leo unatumika karibu dunia nzima, isipokuwa Amerika Kaskazini na nchi chache nyingine.

A4 ina milimita 297 kwa 210. Gawa zote kwa 3 upate 99 kwa 70. Wanafunzi hufurahi: kumbe kipeuo cha pili cha 2 ni 99/70! Basi tuijaribu. Kama ni kweli, 99 mara 99 inapaswa kulingana na mara mbili ya 70 mara 70. Ya kwanza ni 9801. Ya pili ni 9800.

Wamekosa kwa moja. Sitaki tulipite jambo hili haraka, kwa kuwa hapa ndipo somo lilipo. Waanze na 7/5: 49 na 50, wamekosa kwa moja. Wajaribu 17/12: 289 na 288. Wajaribu 41/29: 1681 na 1682. Kuna njia rahisi ya kupata sehemu inayofuata: jumlisha ya juu na ya chini upate ya chini mpya, kisha ongeza juu yake ya chini ya zamani upate ya juu mpya. Kutoka 99/70 unapata 239/169. Zidisha: 57121 na 57122. Moja ile ile, inayohama kutoka upande huu kwenda upande ule. Nimeona wanafunzi wasiopenda hesabu kabisa wakiendelea na kazi hii hadi kengele ya mapumziko, wakiamini kwamba inayofuata itakubali.

Haitakubali, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Uthibitisho wa kale wa Wagiriki hutumia namba shufwa na witiri, na ni mzuri, ila wengi hupotea katikati. Mimi napendelea kutazama tarakimu ya mwisho. Namba kamili ikizidishwa kwa yenyewe, jibu huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 peke yake. Waache wahakikishe kwa kuanza na 0 hadi 9. Mara mbili ya jibu kama hilo huishia na 0, 2 au 8 peke yake. Tuseme ipo sehemu iliyorahisishwa kabisa ambayo ni kipeuo cha pili cha 2. Ya juu ikizidishwa kwa yenyewe lazima ilingane na mara mbili ya ile ya chini ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo tarakimu zao za mwisho zifanane. Tazama orodha mbili hizo: kinachopatikana kwenye zote ni 0 tu. Basi ya juu inaishia na 0, na ya chini inaishia na 0 au 5. Namba zote mbili zinagawanyika kwa 5. Lakini tulisema sehemu imerahisishwa kabisa! Kwa hiyo sehemu hiyo haipo. Si kwamba hatujaipata, wala si kwamba namba zetu bado ni ndogo. Haipo.

Mwanafunzi aliyelielewa hilo anaweza sasa kurudishwa kwenye pai, na ukweli aambiwe wote. Archimedes, zaidi ya miaka 2200 iliyopita, alionyesha kwamba pai iko kati ya 3 na 10/71 upande wa chini, na 3 na 1/7 upande wa juu. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Yeye mwenyewe aliiweka kama mpaka ambao pai haiufikii. Andika 22/7 kwa desimali, 3.142857, kisha pai chini yake, 3.141592, watoto waone zinapoachana: tarakimu ya tatu baada ya nukta. Kisha waone ukubwa wa tofauti hiyo. Kisima chenye kipenyo cha mita 7 kina mzingo wa mita 22 kwa 22/7, na mzingo wake halisi unapungua hapo kwa karibu milimita 9. Fundi hatajali, na ana haki ya kutojali. Ndiyo maana 22/7 imedumu, na sina nia ya kuifukuza shuleni.

Kwamba pai si wiano kulithibitishwa na Johann Lambert katika miaka ya 1760, na uthibitisho wake hauko ndani ya uwezo wa kidato cha kwanza. Mwalimu alitamke hilo waziwazi: "Hili mtalithibitisha mkifika mbele; lile la 2 mmelithibitisha wenyewe leo." Watoto hawachukii kuambiwa wasubiri kama wameshaonja kitu kimoja hadi mwisho.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa shule za msingi na kwa wanaotunga mitihani. Acheni kuandika "π = 22/7". Andikeni "Tumia 22/7 kama makadirio ya pai", na mwalimu wa darasa la sita aseme kwa mdomo wake kwamba makadirio maana yake ni karibu na, si sawa na. Ni maneno machache tu yameongezeka, na mtoto atafika sekondari bila kulazimika kusahau alichofundishwa.