Kutoka Bunkeya hadi Lubumbashi: Biashara, Migodi na Kiswahili cha Katanga

Historia ya Katanga huandikwa mara nyingi kama historia ya shaba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni historia ya lugha pia, na kwamba mambo haya mawili hayatenganiki.

Kabla ya ukoloni, Katanga ilikwisha kuunganishwa na masoko ya mbali. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, alijenga dola ya Wayeke na kuweka makao yake Bunkeya. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilisafirishwa kwa misafara kuelekea mwambao wa mashariki, na vilevile magharibi hadi Angola. Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Ndipo Katanga ilipoingia mikononi mwa Dola Huru ya Kongo.

Je, misafara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili migodini? Wengi hudhani hivyo, lakini Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, alilitilia shaka wazo hilo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka 1910. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na Wabelgiji walihofia kwamba ushawishi wa Waingereza ungefuata reli hiyo. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianza kuajiri zaidi watu wa Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, na kuwaweka kambini pamoja na wake zao. Kiswahili kikafanywa lugha ya kazi na ya shule. Kwa hiyo, njia za biashara peke yake hazitoshi kueleza uenezi wake. Siasa ya ajira ina sehemu kubwa.

Hata hivyo, lugha iliyokusudiwa kutolea amri haikubaki hivyo. Watoto waliozaliwa kambini waliifanya lugha yao ya kwanza. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma wakidai mishahara, na askari wakawaua makumi yao kwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, shaba ilileta mgogoro mpya: tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga, na utengano huo ulidumu hadi Januari 1963. Mji uliitwa Lubumbashi mwaka 1966.

Nani basi ameiandika historia hii? Kumbukumbu za kampuni ziko kwa Kifaransa. Lakini mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kwa Kiswahili cha mji licha ya jina lake la Kifaransa. Humo waliotumikishwa ndio wanaosimulia. Anayekisoma kwa nia ya kuhesabu makosa ya sarufi tu atapoteza ushahidi ambao faili za kampuni haziwezi kuutoa. Ni wajibu wa vyuo vyetu kukifundisha Kiswahili hiki kama chanzo cha historia, sawa na hati yoyote ya serikali.